Mekano Aliyesema "Sijui"

Nakumbuka harufu ya siku ile kabla ya kukumbuka jambo jingine lolote, mwanangu: petroli, vumbi, na majani yaliyopondwa ambayo mama mmoja wa mlimani alimbandika baba yangu kwenye goti. Baba alikuwa amekaa pembeni ya barabara, mguu mmoja ameunyoosha. Mimi nilisimama karibu na pikipiki yangu iliyozimika, nikijifanya natazama injini. Sikuwa natazama chochote. Niliogopa kumtazama yeye.

Nakusimulia haya kwa sababu juzi ulikuja hapa na pikipiki yako. Umeiongezea tangi, umeipanua silinda, umeifungia masanduku mawili pembeni, ukaniambia unataka kuifuata njia ya ziwa mpaka mji wa Baraka na kupita, na ukirudi upande nayo Lemera. Ukaniuliza ni mekano gani akurekebishie injini. Kabla sijajibu ukanionyesha kwenye simu jamaa mmoja anayeingurumisha injini mpaka kuku wa jirani wakakimbia. Nilicheka, nawe ukadhani nimempenda. Hapana. Nilikuwa namcheka kijana mmoja wa zamani mwenye nywele nyingi na akili kidogo, na kijana huyo ni mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, tunakaa Nyamianda, hapa Uvira. Baba yangu alizaliwa kule juu, Lemera. Mama yao alipofariki, dada yake mkubwa, shangazi yangu Nabintu, ndiye aliyembeba mgongoni, akamlisha, akamvusha mito. Baba akateremka ziwani akiwa kijana, akaoa, akazeeka huku. Nyonga zikamharibikia, kukaa juu ya magunia ya lori hakuweza tena, na miaka ikapita hajaonana na dada yake. Kisha ujumbe ukatufikia kwa mdomo wa mama mmoja muuza maharagwe: macho ya shangazi yamefunga kabisa na mwili unachoka. Alikuwa amesema, "Mumuambie aje nimushike uso mbele sijaenda."

Nikaapa nitampeleka. Pikipiki nilikuwa nayo, hii tunayoiita moto hapa kwetu, ila ilikuwa ndogo kwa watu wawili mlimani. Nikaipanua silinda, nikabadilisha bomba la moshi, na fundi wa viti vya sebuleni akanishonea kiti cha nyuma, kipana, chenye mahali pa kuegemea. Kiti kile kilikuwa kizuri kuliko viti vya nyumbani kwetu, sikudanganyi. Kilichobaki ni kumtafuta mtu wa kuipatanisha injini na mabadiliko hayo yote. Maana ukipanua silinda bila kurekebisha njia ya mafuta na hewa, ni sawa na kuongeza wageni bila kuongeza sufuria.

Watu wakanielekeza mtaa wa Kasenga, kwa Papa Kashindi, mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Sikukuta umati kwake. Hata kuiwasha pikipiki hakuiwasha. Aliniuliza tu:

"Nani atakaa nyuma?"

"Baba yangu."

"Iko na kilo ngapi?"

Sikujua. Akauliza tunaenda wapi, nikamwambia Lemera. Akaizunguka pikipiki polepole, akainama, akainuka, akajipangusa mikono.

"Minye kule nilishapanda na moto za kawaida," akasema. "Iyi yako umeipanua, na kule juu hewa iko kidogo. Itafanya nini? Sijui. Uniachie siku tatu, tupande kwanza siye wawili, njo baba yako apande."

Sijui! Neno hilo lilinichoma sikio. Nikajisemea, mekano gani huyu, miaka yote hiyo injini ziko mikononi mwake na bado hajui? Nikamwambia aksanti Papa, nitarudi. Sikuwa na nia ya kurudi.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kilichojitembeza mbele yangu siku hiyo kiliitwa Turbo, na jina hilo alijipa mwenyewe. Karakana yake ilikuwa karibu na ufuo, na vijana hawakosekani hapo kutoka asubuhi. Turbo hakuuliza nani anakaa nyuma. Aliiwasha pikipiki, akatega sikio, akazungusha bisibisi mara mbili tatu, akavuta mafuta, ikanguruma mpaka akina mama waliokuwa wakianika ndagala, dagaa wetu wa ziwani, wakageuka. Vijana wakapiga makofi. Nami, kwa ujinga wangu, nikajiona mimi ndiye niliyenguruma.

"Iyi sasa iko simba," akaniambia. Nikamuuliza habari ya mlima, angalau hilo nilikumbuka. "Mulima? Ikikohoa, utoe filta ya hewa. Itapona yenyewe."

Debe tupu huvuma sana, mwanangu. Nilikuwa nimelisikia neno hilo tangu utoto, lakini sikuwahi kufikiri kwamba debe linaweza kuwa na magurudumu.

Tulipotoka Uvira baba alifurahi mpaka nikaona haya. Kwenye bonde la Ruzizi alinigonga bega kila tulipopita mahali alipopajua, akaimba nyimbo za kanisani kwa sauti ndogo. Alikuwa amevaa koti lake la Pasaka, na kwapani amebana furushi la samaki wakavu wa kumpelekea dada yake. Kisha tukaacha barabara ya bonde, tukashika mlima, na simba wa Turbo akaanza kukohoa. Moshi mweusi ukatoka nyuma. Nguvu zikaisha. Mara mbili baba alishuka akapanda kwa miguu na zile nyonga zake, akisema hakuna shida, hakuna shida. Nikalikumbuka agizo. Nikatoa filta ya hewa.

Ilipona kweli, na hapo ndipo ubaya ulipo. Ikachangamka, nami nikaivutia mafuta nikitaka kufidia saa tulizopoteza. Haraka haraka haina baraka. Kwenye mwinuko mkali injini ikakwama ghafla, gurudumu la nyuma likafunga, na sote wawili tukaanguka mtaroni. Mimi nilichubuka kiganja tu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini siku ile aliyekataa kusikia alikuwa mimi, na aliyeumia goti alikuwa baba yangu.

Alipoweza kusema, hakunilaumu. Alitazama juu kule njia ilikokwenda, akasema, "Shangazi yako atangojea. Alishazoea kungojea." Bora angenipiga.

Tulirudi juu ya lori la mihogo, baba amelala kwenye magunia, pikipiki imefungwa kando yake, kila shimo la barabara likimtoa mguno. Furushi la samaki lilirudi nasi. Siku nne sikutoka nje. Siku ya tano nikaisukuma pikipiki kwa mikono kutoka Nyamianda mpaka Kasenga, nikipita mbele ya watu wale wale niliowapigia kelele wiki iliyotangulia.

Papa Kashindi hakuuliza kwa nini sikurudi. Aliifungua injini, akaitoa pistoni, akanionyesha ilivyochubuka ubavuni, michirizi mirefu kama kucha za paka. Akavua miwani.

"Weye ulitafuta mekano, ao ulitafuta mupiga ngoma?"

Nikamjibu ukweli. Nilitafuta mpiga ngoma, Papa. Akacheka mpaka akakohoa, kisha uso wake ukatulia.

"Ulinikimbia juu ya neno moja. Kama minye ningelijua, ningelikuambia. Muntu unaweza kumudanganya. Injini haina haya, itakuumbua mu mulima, na baba yako iko nyuma." Akavaa tena miwani. "Leta kilo za baba yako. Tutaenda kutafuta."

Nikampeleka baba kupimwa kwenye mizani ya muuza mchele, naye akacheka njia nzima, akauliza kama anauzwa kwa jumla au kwa rejareja. Papa Kashindi akaweka pistoni mpya, akarudisha filta, akakaa mwenyewe kwenye kile kiti kizuri cha nyuma akipakata mfuko wa viazi vitamu, ili uzito wake na wa viazi utimize uzito wa baba. Hivyo ndivyo tulivyopanda, mzee wa watu na viazi vyake, na mimi mbele.

Alinisimamisha mara tatu. Kila mara aliifungua buji, ile ncha inayotoa cheche ndani ya injini, akaipangusa ukingo, akaitazama kwenye jua. "Soma," akaniambia. Buji ikiwa nyeusi kama chungu, injini imelishwa mafuta kupita hewa yake. Ikiwa nyeupe kama unga wa muhogo, ina njaa, na njaa ya injini ni moto unaounguza pistoni. Ikiwa na rangi ya ganda la karanga, imeshiba sawasawa. Kule chini karibu na ziwa ilikuwa karanga. Tulipoanza kupanda ikawa chungu. Hewa ya mlimani ni nyepesi, na Turbo aliipimia injini yangu chakula akiwa amesimama ufukoni. Kisha mimi, kwa kutoa filta, nikaihamisha kutoka shibe mbaya mpaka njaa mbaya kwa dakika tano.

Papa akabadilisha kitu kidogo ndani ya kabureta, pale mafuta yanapochanganyika na hewa: kipande cha shaba chenye tundu jembamba linalopitisha mafuta, mekano wanakiita jigleri. Akajaribu kimoja, akakitoa. Akajaribu kingine. Cha tatu kikaleta rangi ya karanga. Akaniwekea mkononi vipande viwili. "Iyi ya ziwa, iyi ya mulima. Moto yako iko na pua mbili. Ukipanda, unavaa ya mulima. Ukishuka, usisahau kurudisha ya ziwa, ao itashikwa na njaa tena." Akasema pia, akiwa anafurahi mwenyewe, "Sasa minye najua." Nilimwona mzee yule akijifunza mbele ya macho yangu, bila aibu yoyote, na nikatamani kuwa kama yeye.

Goti la baba lilipopona tukaondoka tena. Jigleri ya mlima aliifunga baba mwenyewe kwenye ncha ya kitambaa chake cha mkononi, akakaa nayo ngumini kutoka Uvira. Chini ya mlima nikasimama, akafungua fundo, akanipa. Tukabadilisha. Tukapanda bila moshi na bila makelele, injini ikisema kwa sauti ya mtu anayezungumza na jirani. Baba hakushuka hata mara moja.

Shangazi Nabintu alikuwa amekaa mlangoni juu ya mkeka. Tulikuwa tumeizima pikipiki hapo uani, hatua chache kutoka kwake. Baba akajikongoja, akapiga magoti, lile goti pia, akaushika mkono wake akauweka usoni pake mwenyewe. Vidole vikapita kwenye paji la uso, kwenye pua, vikafika kwenye sikio lenye kovu alilolipata akiwa mtoto, na hapo vikasimama.

"Ni weye," akasema shangazi.

"Ni minye, dada."

Walikaa hivyo, sijui muda gani. Mimi nililia, na sioni haya kukuambia. Kisha shangazi akageuza kichwa kama anayetafuta kitu.

"Mulikuja namna gani? Sikusikia moto. Mulikuja kwa miguu na ile nyonga yako?"

Baba akacheka. "Alituleta muntu mwenye alisema hajui," akamjibu.

Tulikaa kwake siku tatu. Kabla ya msimu wa mvua kwisha Mungu akamchukua shangazi, na baba yangu akaishi miaka mingine mingi bila mwiba ule moyoni. Papa Kashindi naye amelala sasa. Pale palipokuwa karakana yake wanauza mikate, na nikipita navua kofia. Wale mama wa mikate wanadhani nawasalimia wao, nami nawaacha wadhani hivyo, salamu haimdhuru mtu.

Basi sikiliza, mwanangu. Ukiona vyaelea, jua vimeundwa, na ukitaka kumjua muundaji usitege sikio kwenye bomba la moshi. Mwendee mekano, halafu unyamaze usikie anauliza nini. Asiyeuliza unakwenda wapi na unambeba nani, huyo anairekebisha pikipiki ya mtu mwingine. Akikuambia anajua kila kitu, mshukuru na uondoke. Akisema sijui, subiri kidogo umsikie anaongeza nini. Kuna sijui ya mvivu, inayoishia hapo hapo. Na kuna sijui ya fundi, ambayo baada yake anachukua kofia na kusema twende tukaone. Huyo wa pili umshike kwa mikono miwili. Kuuliza si ujinga, na mficha uchi hazai. Hata siku utakapomchagua mchumba, au mganga, au kiongozi wa kanisa, likumbuke neno hili, ila leo tubaki kwenye pikipiki.

Chukua kitambaa hiki. Ndani yake mna jigleri ya mlima. Haitaingia kwenye injini yako, ni ya pikipiki iliyokwisha kufa. Uiweke tu mfukoni, ili siku ukiulizwa jambo usilolijua, mkono uiguse kabla mdomo haujadanganya.

Mungu wa baba zetu akushike kwenye kona za mlima na kwenye mchanga wa kando ya ziwa. Akupe mafundi wasioona haya kuuliza, na wewe akupe masikio ya kuwapenda. Na yule anayekungoja, popote alipo, akukute mzima, akuguse uso, ashangae kwamba hakukusikia ukifika.