Zambarau na Ugoro Kwenye Skrini ya Mboni

Milembe Jilala alipofika dukani kwa Mboni, alikuta ugomvi umepamba moto. Salvatory, mwalimu wa kwaya, alikuwa amerudisha majora ya vitenge na kuyabwaga mezani.

"Tulichagua zambarau," alisema. "Tulisimama hapo nje na wanakwaya wangu, tukaitazama skrini yako, tukasema ile. Umetuletea rangi ya ugoro!"

"Mwalimu, huo ugoro umeuonesha kwa kidole chako mwenyewe," Mboni akajibu. "Mungu ananiona."

Milembe ni fundi wa kompyuta hapa Bariadi mjini. Ndiye aliyeifunga ile skrini kubwa ya mtumba mbele ya duka, akaiunganisha na kakompyuta kadogo kanakozungusha picha za vitenge kutwa nzima. Wakamwomba aamue nani mwongo. Yeye akaomba picha za vitenge vyote viwili ziwekwe pamoja kwenye skrini.

Zilikuwa rangi moja.

Kwenye laptopu ya Milembe, picha zilezile zilitofautiana waziwazi. Basi rangi ilikuwa inapotea njiani, na njiani hapo kulikuwa na dereva, yaani programu inayochukua picha kutoka kwenye kompyuta na kuikabidhi skrini. Aliipata bure mtandaoni, kazi ya mtu asiyemfahamu. Hakuwahi kuifungua ndani. Sasa alitamani kujua hata chai akaisahau.

Alichokikuta kilimshangaza. Dereva iliiomba skrini ionyeshe rangi milioni kumi na sita. Skrini ile ya zamani haikuziweza, ikakataa. Badala ya kuuliza, "Sawa, unaweza ngapi?" dereva iliporomoka moja kwa moja hadi rangi mia mbili hamsini na sita, wala haikumwambia mtu. Kwa rangi chache hivyo, zambarau iliyokoza na ugoro vilitupwa kapu moja.

Milembe akaandika upya kipande kile, dereva iwe inauliza kwanza. Skrini ikajibu kuwa inamudu rangi elfu sitini na tano. Akawasha. Zambarau ikajitenga na ugoro, Mboni akapiga makofi.

"Yaani mimi na mwalimu wote tulikuwa wakweli!"

Lakini Milembe hakuridhika. Kulikuwa na kitenge cha buluu inayofifia taratibu hadi nyeupe, na kwenye skrini haikufifia. Ilishuka kwa mistari, kama ngazi. Rangi za katikati hazikuwepo. Utaonyeshaje rangi usiyokuwa nayo?

Swali hilo alikwenda nalo kijijini Ngulyati, kumsalimia mama yake.

"Mwangaluka, mayu," akamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Mbona umekonda? Kazi gani hiyo?"

"Dereva inanisumbua, mama."

"Wa gari gani?"

Milembe akacheka hadi akashika ukuta. Mama alikuwa anachambua mahindi na maharage ya makande kwenye ungo. Kutoka mlangoni, Milembe aliona ungo mzima una rangi ya waridi. Akasogea: mahindi meupe, maharage mekundu, hakuna punje hata moja ya waridi. Akarudi mlangoni. Waridi tena.

"Unacheza ngoma gani?" mama akauliza. "Chakula hakijaiva."

Aliporudi mjini, akaifundisha dereva kuchanganya. Pale rangi ya katikati inapokosekana, inyunyize nukta za rangi mbili zilizo jirani, moja hapa, nyingine pale. Mara ya kwanza alikosea hesabu, skrini ikatoka madoadoa kama manyoya ya kanga. Mara ya pili ile buluu ikafifia laini kabisa.

Salvatory alikuja kuona. Safari hii alitandaza majora yenyewe juu ya meza, akayapapasa, akaamua kuchukua yote: zambarau kwa akina mama, ugoro kwa akina baba.

Mboni yeye alibaki nje mbele ya skrini. Alikaribia mpaka pua ikagusa kioo, akarudi nyuma hadi barabarani, akakaribia tena.

"Milembe, nikiwa karibu naona nukta tu. Nikiwa kule naona rangi. Sasa hiyo rangi iko wapi, kwenye skrini au machoni mwangu?"

Milembe naye akakaribia kioo, akarudi nyuma hadi barabarani. Akavuta kiti, akaketi kutazama.