Kilo Sabini na Nne za Gideon

Gideon Kaijage alikuwa mpima kahawa wa chama cha msingi cha kijiji chao, ndani kidogo ya barabara iendayo Murongo, na kwa miaka kumi na mmoja hakuna mkulima aliyewahi kumnyooshea kidole. Mwenye shida naye alikuwa mkewe, Benadeta. Tangu kahawa ya kwanza ianikwe mwezi wa tano, alikuwa akimwona mumewe anakwisha mbele ya macho yake, na hakuna neno lililoweza kumfikisha hospitali.

Kila alipoanza, Gideon alimjibu kwa mizani. Mawe ya chuma ya kujaribia mizani yalipotea chama kilipohama ofisi, basi yeye akajifanya jiwe. Tangu ujana alikuwa na kilo sabini na nne, ashibe asishibe. Kila Jumatatu alipanda juu ya mizani ya chama, ile ya betri, na ikisoma pungufu alishuka, akabonyeza vitufe, akairekebisha mpaka ikasema sabini na nne. Wakulima walijua, nao waliona ni uaminifu. "Shikamoo Sabini na Nne!" vijana walimwita njiani, naye aliitikia huku akicheka.

"Jumatatu nimepanda," alimwambia Benadeta. "Sabini na nne kamili. Nikamwambie daktari nini? Kwamba mke wangu ana wasiwasi?"

"Mkanda umeutoboa matundu mawili mapya."

"Ngozi inavutika."

"Na maji? Ndoo nzima unaimaliza peke yako."

"Si hili jua, mama Mackrine!"

Benadeta aliishia darasa la saba, na mashine aliiheshimu. Akaacha kubishana. Lakini kola ya shati la kanisani aliendelea kuiangalia ilivyosimama mbali na shingo, na pete ya ndoa aliiona imefungwa uzi ili isidondoke.

Jumamosi moja alikuwa akigeuza kahawa kwenye jamvi, na binti yao Mackrine, wa kidato cha tatu, amekaa karibu na daftari akijiandaa na mtihani.

"Mama, unajua jua linapungua? Kila sekunde linapoteza tani zaidi ya milioni nne. Zinatoka kama mwanga, hizi hizi zinazokausha kahawa yetu."

"Tani? Na mbona liko vile vile?"

"Ni kubwa mno, halionyeshi. Kuna nyota nyingine zikizeeka zinavimba na kumwaga mwili wake wa nje mpaka kinabaki kiini tu. Na zile zenye mkia, ule mkia ndio mwili wenyewe unaondoka."

Benadeta alisimama na reki mkononi. "Sasa huko juu nani alipeleka mizani?"

"Hawalipimi lenyewe. Wanaangalia vinavyolizunguka, dunia na sayari nyingine, vinakwendaje. Jua likipungua, uvutano wake unalegea, navyo vinasogea mbali kidogo kidogo."

Benadeta akarudi kwenye kahawa, ila reki ilikwenda taratibu.

Saa nane mchana akaja Protase, mwenyekiti wa chama, hata pikipiki hakuizima vizuri. Gideon alikuwa kivulini na kikombe chake cha maji.

"Gideon, gari limerudi kutoka ghalani Kayanga. Magunia tuliyopakia ya kilo sitini, kila moja limepungua kilo saba. Kila moja!"

"Kahawa inakauka njiani."

"Kutoka hapa hadi Kayanga? Ulipakia kahawa au supu?"

"Mizani yangu naijua mwenyekiti. Jumatatu..."

"Jumatatu ulipanda, najua. Watu wanasema umeiba."

Gideon alinyanyuka, miguu ikamtetemeka, akakaa tena. Benadeta aliuona mtetemeko ule, akaweka reki chini. Maneno ya mtoto yalikuwa bado kichwani. Mtu huyu alikuwa akiuliza mizani ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyeifundisha jibu.

"Mwenyekiti," alisema, "ndani tuna mifuko miwili ya simenti ya sakafu. Haijafunguliwa. Kila mmoja kiwandani wameandika hamsini. Tuipeleke kwenye mizani."

"Simenti inahusu nini?" Gideon aliuliza.

"Simenti haiugui, baba Mackrine."

Waliibeba kwa pikipiki, mmoja mmoja, hadi ofisi ya chama, Mackrine akifuata na daftari lake. Mfuko wa kwanza mizani ikasema hamsini na saba. Gideon akausogeza katikati. Hamsini na saba. Wa pili nao hamsini na saba.

"Basi haikuwa wizi," Protase alisema polepole. "Mizani inazidisha."

Mackrine alikuwa amekwisha piga hesabu nyuma ya daftari: ikiwa hamsini inasomeka hamsini na saba, sabini na nne ya baba ni ngapi. Hakuisoma. Alimpa mama yake, na mama akampa mumewe.

"Sitini na tano," Gideon alisoma. Aliangalia mikono yake kama ya mgeni. "Tangu mwezi wa tano nimekipunja chama, kinawalipa wakulima kilo ambazo hazipo."

"Ya chama mwenyekiti ameyaona, atayaeleza," Benadeta alisema. "Hizo tisa zako zimekwenda wapi? Hilo ndilo ninalouliza mimi."

Gideon alitaka kwanza aitengeneze mizani, mkewe akamwondoa mkono kwenye vitufe.

Jumatatu asubuhi walikuwa kwenye foleni ya hospitali mjini. Walipofika kwenye mizani Gideon alisita, akamwuliza muuguzi, "Samahani, dada, hii mnaijaribu kwa kitu gani?"

"Kwa mawe yake, mzee. Vua viatu."

Ikasoma sitini na nne na nusu. Walimtoa tone la damu kidoleni, na kabla ya saa sita daktari alikuwa amewaambia ni sukari, imepanda sana, atalazwa siku chache, kisha dawa na chakula cha mpango. Gideon alisikiliza. Benadeta aliuliza maswali yote, kisha akauliza tena la kwanza, akitaka kuhakikisha kuwa jibu halijabadilika.