Hoja ya Mwisho ya Bi Rukaiya

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Bi Rukaiya ni raba zake. Aliingia ofisi ya serikali ya mtaa wetu, huku Kiwalani, akiwa amevaa baibui safi, na chini yake raba nyeusi za kufunga kamba. Nilikuwa na wiki moja tu tangu nianze kujitolea pale, nikisubiri ajira. Nilipomwamkia, aliona macho yangu yalipo.

“Marahaba, mwanangu. Usizishangae. Simu ikilia, mie nakimbia.”

Binti yake Hamida, mwenye miaka tisa, ana kifafa. Huanguka mara tatu au nne kwa wiki, na hospitali wameshambadilishia dawa mpaka hakuna nyingine ya kujaribu. Daktari alimweleza Bi Rukaiya kwamba katika nchi nyingine wapo watoto wa aina hiyo wanaosaidiwa na mafuta yanayotokana na mmea wa bangi, ila hapa sheria hairuhusu, kwa hiyo hawezi kumwandikia. Tangu siku hiyo mama huyo anataka jambo moja: mkutano wa mtaa upitishe azimio la kumwomba mbunge aipeleke hoja hiyo bungeni.

Si mgeni wa mambo hayo. Kodi ya jengo ilipoanza kukatwa kwenye umeme wa LUKU, kila mtu anaponunua, wapangaji wakajikuta wanalipia nyumba zisizo zao. Yeye ndiye aliyepita mlango kwa mlango mpaka wenye nyumba wakakubali kuipunguza kwenye pango. Wazazi walipopiga kura ya uji wa shuleni, upande wake ulishinda.

“Bi Rukaiya akisema, sie tunanyoosha mikono,” aliniambia Mama Loveness, jirani yake.

Jumapili moja nilifuatana naye kukusanya majina ya kuunga mkono hoja ya mafuta. Kila nyumba tulikaribishwa vizuri. Watu walimwombea Hamida, walimpelekea ndizi, waliuliza analalaje. Daftari lilipofunguliwa, kila mtu alikumbuka kitu jikoni.

“Shoga yangu, mtoto yule nimembeba mgongoni,” alisema Mama Loveness. “Lakini jina langu likae kwenye karatasi yenye neno bangi? Polisi wakija niwaambie nini?”

“Waambie umeomba sheria, hujaomba msokoto.”

“Hayo watakuelewa wao?”

Tulirudi na majina mawili, lake na langu.

Mkutano ulifanyika Machi. Hoja yake iliwekwa kwenye mengineyo, kipengele cha mwisho kabisa, baada ya ulinzi, taka na mitaro. Hadi kufika saa saba mchana, nusu ya watu walikuwa wameondoka. Ndipo mwenyekiti wetu, Mzee Venance, akamwita. Kabla hajafungua mdomo, Jabiri, fundi pikipiki, alipaza sauti kutoka nyuma.

“Bi Rukaiya, na kiberiti utatuletea?”

Watu waliangua kicheko. Bi Rukaiya aligeuka taratibu.

“Kiberiti si unacho, Jabiri? Wewe lini ulingoja sheria?”

Kicheko kikamhamia Jabiri, naye akacheka pia. Nikaona watu waliokuwa wameshasimama wakikaa tena, mmoja mmoja. Walikuwa tayari kumsikiliza. Nikashika kalamu.

Simu yake ikalia. Ni bibi yake Hamida, aliyebaki na mtoto nyumbani. Bi Rukaiya alitutazama sote, akafungua mdomo, kisha akakimbia.

Mzee Venance alisubiri dakika kumi. “Mwenye hoja hayupo,” akasema. “Tufunge.” Hakuna aliyepinga, hata mimi. Kwenye muhtasari niliandika kwamba hoja haikuwasilishwa, na ilikuwa kweli.

Siku ile degedege lilimshika Hamida karibu nusu saa. Tangu hapo anaongea polepole, na mkono wake wa kulia hauna nguvu ya kushika penseli. Shule hajarudi. Bibi yake anaogopa kubaki naye peke yake.

Mkutano mwingine ni baada ya miezi mitatu, na miezi hiyo sasa imetimia. Nilimwomba mwenyekiti aiweke hoja hiyo ya kwanza, akakubali.

“Ila msijidanganye,” alituambia. “Hata tukipitisha, barua inakwenda kata, halafu kwa mbunge, halafu Dodoma. Huko mie sina la kufanya.”

“Najua, Mwenyekiti,” Bi Rukaiya alisema. “Naomba ianze safari tu.”

Mama Loveness amejitolea kukaa na Hamida asubuhi nzima ya mkutano. Ni msaada wa kweli. Tena, akiwa huko, hatalazimika kunyoosha mkono mbele za watu. Bi Rukaiya anajua hilo. Amemshukuru, na amemwonyesha namna ya kumlaza mtoto ubavu.

Tangazo nimelibandika mwenyewe kwenye mlango wa ofisi. Wengi wanaopita husoma mstari wa kwanza, wenye hoja ya mafuta, kisha huondoka bila kuniangalia. Mkutano ni Jumamosi hii, saa nne asubuhi.