Rudia, Safari Hii Umaanishe

Mkasa huu umegharimu ndoa moja, na si yangu. Nimehesabu mara mbili nikidhani nimekosea mahali, hesabu inatoka ileile: ndoa ya watu wazima wa Mbwera, wenye wajukuu, pamoja na heshima yangu yote kule delta, ingawa hiyo heshima sidhani kama kuna mtu angeinunua hata kabla ya siku ile.

Mimi nafundisha vijana wa chuo kutengeneza filamu za hali halisi. Zamani nilikuwa napiga video za harusi na kuuza simu zilizotumika (huko ndiko nilikojifunza kwamba kitu usikipokee mpaka umekigeuza pande zote), kwa hiyo darasani nina sheria ambayo wanafunzi wangu wanaisema hata usingizini: kila kitu piga mara mbili. Ya kwanza ya bahati, ya pili ya akiba. Sheria hiyo haikuwahi kuniangusha, ndiyo maana iliponiangusha nilianguka vizuri.

Tulishuka Mbwera kwa boti, mimi na wanafunzi wangu, tukawarekodi wakulima wa mpunga wanaoishi dunguni, kile kibanda cha juu ya miti ambacho mtu anahamia msimu mzima kufukuza ndege na nguruwe. Wenyeji wakatupeleka kwa Mzee Salumu na mkewe, Bi Somoe. Mama anaongea, mzee anaitikia, na chai inakuja bila kuombwa. Katikati ya mahojiano mama akasimulia mwaka wa mafuriko, maji yalivyobeba mpunga wote, Baba Hadija (ndivyo anavyomwita mumewe) akataka wahamie Ikwiriri akafanye biashara ya ufuta, yeye akagoma kuliacha shamba, wakagombana hapo kwenye ngazi ya dungu mpaka mzee akampa talaka, kisha akamrejea kabla hata tope halijamkauka miguuni. Akacheka. Mzee akaangalia vidole vya miguu yake.

Mtu mwenye akili angeishia hapo, maana simulizi lilikuwa limeshaingia kwenye kamera likiwa zima. Mimi nikataka ngazi. Nikawaomba waigize ule ugomvi, wakakataa, nikaanza kupatana nao kama niko mnadani: basi si wote, nusu tu, basi si nusu, yale maneno ya mwisho tu. Zuhura, mwanafunzi aliyeshika kamera, kwao Ruaruke, wilaya hiyohiyo, akaninong'oneza kwamba neno lile ni bora libaki kusimuliwa tu. Nikamjibu kwamba filamu haisimulii, inaonyesha. (Hiyo nayo ni sheria yangu. Nina sheria nyingi.) Na mimi ni Mwislamu, nimekaa madrasa, nimefundishwa kwamba kwenye neno hilo hakuna utani, lakini nikiwa nyuma ya kamera nilikuwa nawaza mwanga tu, jua lilikuwa limekaa upande mzuri.

Wakasimama kwenye ngazi. Mzee akasema "Somoe, nimekuacha" kama mtu anayetaja nauli ya basi, mama akaangua kicheko, kipande kikaisha.

"Inatosha, mwalimu," Zuhura akasema.

Inatosha, na ya akiba je? Nikamfuata mzee pale ngazini, nikamwekea mkono begani.

"Mzee wangu, ile ilikuwa ya mdomo tu. Rudia, safari hii umaanishe. Mtazame machoni, ukumbuke hasira ya siku ile."

Mzee akaangalia tena vidole vya miguu yake. Kisha akainua uso akamtazama mkewe, na mimi nikaona mishipa ya shingo ikimsimama, nikafurahi, wallahi nikafurahi. "Somoe," akasema taratibu, "nimekuacha."

Safari hii mama hakucheka. Alisimama akimwangalia, mdomo umelegea kidogo, halafu akasema, "Salumu, hii ndiyo ya mwisho." Hakumwita Baba Hadija. Akateremka, akajifunika khanga vizuri kichwani, akashika njia ya kwa kaka yake. Na mimi, Mola anisamehe, nikamwashiria Zuhura kwa kidole: mfuate, mfuate, usizime. Mama alipopotelea kwenye migomba nikasema kata, nikapiga makofi. Nilipiga peke yangu. Nikageuka, nikamkuta mzee amekaa chini kwenye matope.

Mimi ninayeuliza bei ya karanga mara mbili sikuuliza ile talaka ya mafuriko ilikuwa ya ngapi. Ilikuwa ya pili. Mbwera nzima inajua mzee amebakiwa na moja, watani wake humwambia aifungie sandukuni na ufunguo autupe mtoni. Na ya tatu haina kurejeana.

Alasiri tulikuwa kwenye baraza la msikiti, wanaume wamejaa, laptopu yangu juu ya mkeka mbele ya shehe. Alitaka kuona kwa macho yake. Ya kwanza ikapita, wengine wakatabasamu. Ya pili ikaanza, na kitu cha kwanza kusikika ni sauti yangu mwenyewe, safi kabisa kwa sababu kipaza sauti nilikichagua mimi: safari hii umaanishe. Hakuna aliyenitazama. Ingekuwa nafuu wangenitazama.

Shehe akamuuliza mzee kama alimaanisha.

"Mwalimu aliniambia niikumbuke ile hasira," mzee akasema. "Nikaitafuta. Kumbe bado ipo."

Nikajaribu kupatana tena, nikasema ile ya pili ilikuwa ya akiba tu, isingetumika. Shehe akafunga laptopu kwa mkono wake.

"Ile ya kwanza ningeiita hadithi, mwalimu. Hii umeisukuma mwenyewe mpaka ikawa kweli."

Akasema asingependa kuikata kesi hiyo peke yake, wapande kwa kadhi Kibiti, na video iende. Asubuhi yake tukaondoka na boti ya kwanza. Bi Somoe alikuwa gatini na kaka yake, nikamwomba radhi. Akaniambia, "Wewe jana si ulituonyesha mashine yako inarudisha nyuma? Basi irudishe." Nikapanda boti.

Sasa mpunga umeanza kuiva, na nasikia mzee analinda ndege peke yake, asubuhi anakwenda kukaa nje ya ua wa shemeji yake, anaongea na ukuta habari za shamba. Wiki iliyopita alinipigia simu. "Wewe si fundi wa kukata? Ile ya pili ikate, mpelekee kadhi ile ya kicheko." Sikulala vizuri. Kesho yake akapiga Bi Somoe. "Usiiguse. Nataka kadhi auone uso wake alivyoniangalia. Mimi niliuona."

Darasani ile sheria nimeifuta, na sitamwambia mtu arudie maneno yake tena, hata salamu. Lakini vipande vyote viwili bado ninavyo, kadhi anasubiri, na mzee ananipigia kila akitoka kwenye ule ua. Naombeni ushauri, hasa nyinyi mliokaa na mtu mmoja miaka mingi: kati ya hawa wawili, nimsikilize nani?