Kikombe Ambacho Mama Hakukionja

Nyumbani kwetu hakuna aliyepewa kikombe kabla hakijaonjwa. Hii haikuwa tabia ya mama peke yake, karibu kila nyumba ya upande wetu wa Navakholo ilikuwa hivyo. Anayekupa kitu cha kunywa, uji, chai, maziwa au pombe ya busaa, hukigusa kwanza kwa midomo yake mwenyewe, humeza huku unamwona, kisha ndipo hukukabidhi. Maana yake tuliijua bila kufundishwa: humu hamna sumu, na moyoni mwangu hamna kinyongo. Mgeni akipewa kikombe kisichoonjwa alikishika tu mkononi, akasifu ng'ombe wa mwenyeji, halafu akakumbuka kwamba ana safari.

Mama alikuwa na namna yake ya kuonja. Alipuliza kidogo, akafyonza kwa sauti, akafumba macho kama mtu anayesikiliza redio ya jirani, kisha akasema, "Haya." Kikombe kilikufikia kikiwa na alama ya midomo yake ukingoni. Mimi nilikuwa nikinywea upande ule ule wenye alama. Nilipokuwa mdogo niliamini kabisa kwamba uji wa upande ule una sukari zaidi.

Nasimulia haya kwa sababu nilipougua homa ya tezi, nikiwa kidato cha tatu, mama aliacha kuonja uji wangu.

Ilikuwa miaka ya miwa. Watu walikuwa wameng'oa mihogo, wengine hata migomba ya nyuma ya jiko, wakapanda miwa mpaka karibu na kizingiti cha mlango. Ukienda kwa jirani ulipita kwenye kijia chembamba chenye kuta za kijani pande zote mbili, na mtu mfupi kama mimi hakuona chochote isipokuwa mbingu. Mabati mapya yalimetameta kila kilimani. Shamba likichomwa kabla ya kukatwa, majivu meusi yalielea na kutua polepole juu ya nguo kambani, juu ya maziwa, juu ya vitambaa vya kichwa vya akina mama waliokuwa wakienda kanisani. Hakuna aliyelalamika. Tuliyapangusa majivu, yakatuachia michirizi, tukaendelea na mambo yetu.

Ugonjwa ulianzia shingoni. Niliamka likizo ya Agosti nikakuta shingo imevimba pande zote mbili, kama nimeficha viazi chini ya taya. Kumeza mate kulikuwa kama kumeza makapi ya muwa. Mama alinigusa paji la uso akasema ni malaria, kwa sababu siku zile kila kitu kilikuwa malaria mpaka kithibitishe vinginevyo. Nikameza klorokwini. Homa haikutingishika, ila vidonge viliniwasha mwili mzima, nikawa najikuna mgongo kwenye mwimo wa mlango kama ng'ombe. Mdogo wangu wa kike, ambaye tulilala kitanda kimoja, alicheka hadi akafukuzwa nje.

Mwishowe mama alinikalisha nyuma ya baiskeli na kuisukuma mpaka zahanati. Daktari alikuwa kijana mpole mwenye kucheka upesi. Alinichungulia kooni, akanibonyeza shingo, kisha akanibonyeza chini ya mbavu za kushoto, nikaruka.

"Hii si malaria, mama," alisema. "Ni homa ya tezi. Haina dawa. Alale, anywe maji, angoje. Itachukua muda mrefu, usishtuke. Na bandama limevimba, kwa hivyo asibebe maji, asilime, asigongwe hapa ubavuni hata kwa mchezo."

"Na ameitoa wapi?" mama aliuliza.

"Inapitia kwa mate." Daktari akacheka. "Wazungu huiita ugonjwa wa mabusu. Vijana ndio hupeana sana."

Alicheka peke yake. Mama alifunga leso yake upya kiunoni, ingawa haikuwa imelegea, akasema asante. Safari nzima ya kurudi alisukuma baiskeli, na mimi nilimwona kisogo tu, kitambaa chake cha kichwa kikipanda na kushuka na mashimo ya barabara.

Tulipofika alinitandikia, akanifunika, akaenda jikoni. Baadaye alileta uji. Kikombe kilikuwa kimefunikwa kisahani. Alikiweka juu ya kigoda kando ya kitanda, akageuka, akatoka. Nilingoja. Nilifikiri amefuata sukari. Nilingoja mpaka nikasikia anachanja kuni nyuma ya nyumba, ndipo nikafunua kisahani mwenyewe. Ukingo ulikuwa mkavu pande zote. Uji uliniunguza koo, nikalia, na machozi yale sikuyasingizia uji.

Mwanzoni nilijipa moyo kwamba anaogopa kuambukizwa. Lakini mdogo wangu aliendelea kulala nami, miguu yake mbavuni mwangu, na mama hakumhamisha, alimwambia tu alale upande wa kulia. Alinichinjia kuku, akanitolea mifupa yote kwenye ile ingokho kwa vidole vyake mwenyewe. Alinikanda shingo kwa maji moto. Kitu pekee alichoninyima kilikuwa kile cha kuonja. Siku moja, akikunja blanketi, aliuliza bila kunitazama:

"Wewe, mkitoka kwaya kanisani, mnaendanga wapi?"

"Tunakujanga tu nyumbani."

"Na huyo wa trekta?"

"Wa trekta gani?"

"Mimi si mtoto," alisema, na blanketi likakunjwa dogo kuliko lilivyohitaji kukunjwa.

Wa trekta! Kulikuwa na kijana mmoja aliyevuta matrela ya miwa kwenda kiwandani, na akitupita barabarani sisi wasichana alipiga honi na kupunga mkono. Alimpungia kila mtu, hata mbuzi. Alikuwa na masikio makubwa ajabu. Nilikuwa sijawahi hata kujua jina lake, na sasa mama yangu mzazi alikuwa amenioza kwake kwa mdomo. Nilikasirika vibaya. Nilikuwa na maneno ya kujaza debe, lakini koo lilikuwa limefunga, ikatoka sauti ya bata, na mama akaichukulia sauti ile kuwa ya mtu aliyekosa la kusema.

Halafu usingizi ukanichukua. Siwezi kueleza vizuri usingizi ule. Haukuwa wa kuchoka, ulikuwa kama mahali. Niliingia humo asubuhi nikatoka jua likiwa upande mwingine wa nyumba. Bati la chumba chetu lilikuwa na matundu ya misumari, na kila tundu lilidondosha tone la mwanga juu ya blanketi. Matone yale yalitembea taratibu kutoka magotini hadi kifuani, yakapanda ukutani, yakafifia. Ndiyo iliyokuwa saa yangu. Nilisikia mapanga ya wakataji mbali, yakikata kwa pamoja, kisha kimya, kisha mtu mmoja akiimba na wengine wakimwitikia kwa uvivu. Upepo ukitoka upande wa kiwandani, chumba kilijaa harufu ya molasi, nzito, tamu, hata mto wangu ukawa mtamu.

Na kila trekta lilipokaribia, mama aliingia akafunga dirisha. Lilipokwisha kupita alilifungua tena. Mwanzoni nilimshukuru moyoni, nikidhani ananikinga na vumbi.

Niliota ndoto moja mara nyingi. Miwa ilikuwa imeota ndani ya nyumba, imechipuka kutoka sakafuni kimyakimya, ikainua kitanda changu mpaka karibu na bati, na majani yakanipapasa uso bila kunikwaruza. Chini, kati ya mistari, mama alikuwa anakuja na kikombe. Alikipuliza huku anatembea. Nilimwona akipuliza, niliuona mvuke, nilisikia hata nyayo zake, lakini mstari haukuisha. Niliamka na kukuta kikombe kwenye kigoda, kimefunikwa.

Homa iliondoka bila kuaga. Shingo ikarudi kuwa shingo. Lakini nguvu hazikurudi, shule zikafunguliwa wenzangu wakaenda, mimi nikabaki kwenye mkeka nyuma ya jiko, nikipukuchua gunzi moja la mahindi na kupumzika kama niliyelima ekari. Wanawake waliopita na majembe walisimama.

"Bado tu hawezi kubeba maji?" waliuliza. "Na mbona mashavu yananawiri?"

Mama aliwajibu kwamba daktari amekataza. Lakini niliona jinsi alivyoitazama kamba ya nguo mwezi ule, akingoja kuona vitambaa vyangu vya hedhi. Vilipoanikwa, alivitazama kwa muda, akashusha pumzi. Nilifikiri sasa yamekwisha. Jioni uji ukaja umefunikwa. Niliumia kuliko siku ya kwanza. Niliwaza kwamba huenda nitapona kila kitu, koo, bandama, miguu, na hiki kisipone, kwamba nitakuwa mwanamke mzima na nitakuja kumsalimia mama yangu, naye atanipa chai iliyofunikwa kisahani kama anavyomfanyia mtu asiyemwamini.

Kisha ikaja Jumapili moja. Mama alirudi kutoka kanisani kabla ya saa yake ya kawaida. Hakwenda kubadilisha nguo. Aliketi kwenye ukingo wa mkeka wangu, na gauni lake la Jumapili, akanyoosha miguu, akatazama mbele.

"Leo sauti ya kwanza haikuimba," alisema.

Sauti ya kwanza tulikuwa sisi, wasichana watano. Nilingoja aendelee.

"Mwalimu wa kwaya aliinua mkono, akaungoja wimbo, wapi. Wale mapacha hawakuja, wamelala. Mtoto wa mzee wa kanisa amekuja na shingo hivi." Akaweka viganja pande zote za shingo yake. "Na hata yule mrefu. Yule."

Yule mrefu tulimjua wote. Alikuwa msichana mtakatifu kupita kiasi, ambaye alisalimiana na wanaume akiwa ametazama ardhi, na akipita beberu alivuka barabara. Hata mama, ambaye alikuwa tayari kuamini mengi, hakuweza kumweka huyo juu ya trekta.

Kuku alipita kati yetu. Nikamwona mama anafikiri, anageuza jambo huku na huku, hapati pa kulishika. Sauti yangu ilikuwa bado ya kukwaruza, lakini ilitoka.

"Mama, sisi tunakulanga muwa moja."

"Muwa gani?"

"Ile unatukatianga."

Kila Ijumaa tulifanyia mazoezi uani kwetu. Tukimaliza, mama alichukua panga lililochomekwa kwenye ukuta wa jiko, akaingia ukingoni mwa shamba, akatuchagulia muwa mmoja, ule mnene wenye rangi ya zambarau aliouacha usikatwe kwa ajili yetu. Hatukuugawa vipande. Utamu wake ulikuwa katika kupokezana: unamenya kwa meno, unang'ata pingili yako, unampa mwenzako, naye anang'ata pale pale ulipoachia, hadi unazunguka na kukurudia. Mama alisimama pale na panga mkononi akituchekelea. Akiona mtu anakaa nao sana, alisema, "Pitisha, pitisha, wenzako wanameza mate."

Sikumkumbusha maneno hayo. Niliona ameyakumbuka mwenyewe, kwa sababu aligeuka akalitazama lile panga ukutani.

Kisha aliinuka, akaingia jikoni na gauni lake zuri. Moshi ukatoka, nikasikia mwiko ukigonga sufuria. Wakati huo trekta lilisikika likija, maana kiwanda hakikujua Jumapili. Mama alitokeza mlangoni na kikombe mkononi. Kijana alipiga honi, akatupungia, kisha akaipungia miti. Mama alimkodolea macho hadi trela la mwisho likapita na vumbi likaanza kushuka.

"Ndiye huyo?"

"Ndiye."

"Na masikio hayo?"

Nilicheka mpaka nikashika mbavu za kushoto, naye akanikemea nisicheke, bandama litapasuka, huku yeye mwenyewe mabega yanamtetemeka. Aliketi tena mkekani, karibu zaidi safari hii. Kikombe hakikuwa na kisahani. Akaanza kukipuliza.

Nikaogopa. Ni ajabu, baada ya majuma yote yale ya kukitamani kitu hiki, nilimshika mkono.

"Mama, daktari alisema mate."

"Nilimsikia," alisema.

Akapuliza tena, akafyonza kwa sauti, akafumba macho. Alikaa na macho yamefumbwa muda mrefu kuliko desturi, na nikaona kope zake zimelowa.

"Haya," akasema.

Nilikipokea kikombe kwa mikono miwili, nikakizungusha polepole hadi nikaipata alama ya midomo yake, nikanywea hapo.