Neno Dogo Chini ya Picha

Wakati huo nilikuwa nafundisha usanifu wa picha kwenye chumba kimoja juu ya duka la dawa, si mbali na soko la Kibuye, Kisumu. Tulikuwa na kompyuta sita, moja mbovu, na dirisha ambalo hatukulifungua kwa sababu ya vumbi na kelele za wauza mitumba. Wanafunzi wangu walitaka kutengeneza mabango ya kuweka mtandaoni: ya saluni, ya makanisa, ya kuku wa mayai. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na nilijiona najua sheria zote. Maandishi yawe machache. Rangi mbili, zikizidi sana tatu. Aina moja ya herufi, mbili ukilazimika. Acha nafasi tupu, jicho lipate pa kupumzika. Niliziandika ubaoni kwa kalamu nyekundu na sikuzifuta muhula mzima.

Mzee alikuja asubuhi moja ya mvua, bahasha ya kaki ameificha ndani ya koti isilowe. Alikuwa Mhindi, mrefu, amekonda, na nilimtambua mara moja. Zamani alikuwa na duka la vitambaa mjini. Mama yangu alikuwa akitutoa kijijini Kisian kila Januari kwenda kununua kitambaa cha sare hapo, na yeye mwenyewe ndiye aliyepima, akikata kwa mkasi mkubwa bila kutazama. Hakunikumbuka, na sikumwambia. Duka lilikuwa limefungwa. Alikuwa akiishi Milimani, peke yake, katika nyumba kubwa yenye uwanja mkubwa, na binti yake mmoja alikuwa ameolewa Kanada. Aliongea Kiswahili cha huku kwetu, kile kinachoingiliwa na Dholuo kila baada ya maneno mawili matatu, na Dholuo yake ilikuwa nzuri kuliko yangu.

Alinieleza shida yake taratibu. Kulikuwa na jukwaa mtandaoni la watu waliosoma shule moja hapa Kisumu zamani, wengi wao Wahindi waliohamia Uingereza na Kanada. Waliandikiana humo kuhusu walimu wao, mechi za kriketi, na nani amemwoa nani. Na kila mtu akiandika, chini ya maneno yake hutokea ukanda mwembamba wa picha, kama sahihi: jina lake, pengine mlima, pengine wajukuu. Yeye chini ya maneno yake hapakuwa na kitu.

"Wananiona kama mgeni," aliniambia. "Na mimi ndiye peke yangu nimebaki."

Nikampa kompyuta iliyo karibu na mlango. Alikuja Jumatatu na Alhamisi, saa tatu asubuhi, na hakukosa hata siku moja. Alikuwa mwanafunzi mgumu kwa mikono, kipanya kilimkimbia, lakini aliuliza mambo na akayaandika kwenye daftari.

Wiki ya tatu alinionyesha ukanda wake wa kwanza. Alikuwa ametia kila kitu. Lango la shule, mbele ya duka, kuba la hekalu, ziwa likiwa limefunikwa na magugu, samaki mzima kwenye sahani, na mwanamke amesimama ufukweni Dunga, ushungi wake umepeperushwa na upepo. Jina lake lilikuwa jekundu juu ya kijani, lenye kivuli. Na kulikuwa na maneno mengine matatu manne ya aina tofauti za herufi, mengine ya Kigujarati, yamebanwa kila penye nafasi.

Nilimfanyia kama nilivyowafanyia wote. Nilimwambia asimame, arudi nyuma hatua tatu, afinye macho kidogo, aniambie anaona nini.

"Naona kila kitu," alisema.

"Mimi sioni kitu, Mzee."

Alicheka, nami nikacheka. Kisha tukaanza kuondoa.

Hiyo ndiyo kazi yenyewe, na anayeanza huwa hapendi kuisikia. Anadhani kutengeneza picha ni kuongeza. Ukanda wa sahihi ni mwembamba kama rula, mtu anaupitisha machoni akielekea kusoma jambo jingine, na kitu kimoja tu ndicho kitakachobaki kichwani mwake. Nilimwambia achague hicho kimoja. Hakuweza kwa siku moja, kwa hiyo tuliondoa kimoja kimoja, na kila kitu kiliondoka na maelezo yake. Samaki alikuwa wa hoteli ambayo haipo tena. Hekalu aliliondoa bila ubishi, akisema Mungu hana haja ya kutangazwa. Duka lilimchukua wiki nzima. Alinieleza jinsi baba yake alivyolifungua, na jinsi yeye alivyolifunga Ijumaa moja jioni, wateja wakiwa wameshazoea nguo za mitumba, akakaa ndani na mlango umeteremshwa hadi mlinzi akagonga kuuliza kama yuko salama. Nilisikiliza nikitazama skrini. Kisha nikamwonyesha tena namna ya kufuta.

Mwishowe yalibaki mambo mawili, ziwa na yule mwanamke.

Mwanamke alikuwa mke wake, hilo nililijua. Picha yenyewe ya karatasi, iliyotoka kwenye ile bahasha, ilikuwa ndogo, na ukungu ulikuwa umekula shavu la kushoto. Nilikuwa nimeifanyia kazi siku mbili, nikichukua rangi ya shavu la kulia na kulijenga la kushoto kidogo kidogo, na Mzee alipoona uso umekamilika alitoa kitambaa akasafisha miwani yake. Lakini kwenye ukanda uso huo haukuzidi punje ya choroko. Chini yake kulikuwa na neno moja la Kigujarati, herufi ndogo mno, zimevurugika.

Nilimwambia hili neno halisomeki, liondoke. Akaliondoa. Nikamwambia na picha pia haionekani, inalizuia ziwa.

"Kwa ukubwa huu, Mzee, hakuna atakayejua ni nani."

"Mimi nitajua," alisema.

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa na jibu kwa kila kitu siku hizo. Nilimwambia picha ni ya mtazamaji, si ya mtengenezaji. Niliwahi kulisema hilo darasani mara nyingi na huwa linawanyamazisha watu. Lilimnyamazisha na yeye. Alibofya juu ya mke wake, mistari midogo ikamzunguka, akakaa kidogo kidole kikiwa juu ya kitufe, kisha akabonyeza. Likabaki ziwa la asubuhi, la kijivu, jina lake upande wa kulia, na chini yake maneno aliyochagua mwenyewe: Bado niko Kisumu.

Ulikuwa ukanda mzuri. Niliuonyesha wanafunzi wengine kama mfano.

Wiki iliyofuata alikuja akiwa mchangamfu, akaufungua ule ukurasa wa jukwaa ili nijionee. Watu walikuwa wamemsifu. Mmoja aliandika kwamba amelia kuliona ziwa. Tukashuka ukurasa pamoja, mimi nikisoma kwa sauti maana miwani yake ilikuwa imesahaulika nyumbani. Wa mwisho alikuwa mama mmoja wa Uingereza, aliyesoma na mke wake. Aliandika kwamba amefurahi kujua bado wako Kisumu, wote wawili, na akauliza mbona bibi hajibu barua zake siku hizi, au amezeeka hadi amekuwa mvivu.

Nilipomaliza kusoma, Mzee aligeukia dirisha. Nje walikuwa wakipakua magunia, mtu anahesabu kwa Dholuo.

Nilimuuliza kama hawajui kwamba hayupo tena.

Alisema hawajui. Mke wake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na kila alipokaa kuwaandikia alishindwa. Binti yake alitaka kuwaandikia, akamkataza. Halafu akaona zile sahihi za watu, akafikiri atamweka mkewe pale, na chini yake lile neno.

"Lilikuwa linasema nini?" nilimuuliza.

"Marehemu," alisema. "Kwetu ukiliweka kwa jina la mtu, watu wanaelewa. Sihitaji kuandika tena."

Nilimwambia tumrudishe, sasa hivi, nitalikuza neno, nitalipanga vizuri, kuna namna ya kufanya kila kitu. Nilikuwa nimeshashika kipanya. Aliweka mkono wake juu ya meza, karibu na wangu, bila kunigusa.

"Acha, nyathina," alisema. Ndiyo mara ya kwanza aliniita mtoto wake. Siku zote aliniita mwalimu. "Huyo mama ameuliza. Sasa ni lazima nijibu kwa mdomo wangu."

Aliandika jibu palepale, bila miwani, uso karibu uguse skrini, kwa kidole kimoja, herufi moja baada ya nyingine. Ilimchukua karibu saa nzima. Niliondoka nikaenda kusimama karibu na kompyuta mbovu, nikijifanya naitengeneza. Alipomaliza alikunja daftari lake, akanishukuru kwa masomo, akashuka ngazi akishikilia ukuta.

Alhamisi hakuja, wala Jumatatu. Wiki ya tatu nilipanda bodaboda hadi Milimani nikauliza, na mlinzi langoni akaniambia binti wa Mzee alikuja kumchukua, nyumba inatafutiwa mpangaji. Hakujua anwani yao. Nilimwachia namba yangu ya simu kwenye kipande cha karatasi, ingawa niliona kabisa kwamba haitafika.

Bado nafundisha. Sheria ni zilezile, na ni za kweli. Bango lililojaa halisomwi na mtu. Ila siku hizi, kabla sijamwambia mwanafunzi aondoe kitu, namuuliza kwanza kile kitu ni nini na amekiweka kwa ajili ya nani. Wengi hunijibu hawajui, walikipata tu mtandaoni. Wachache hunyamaza, na hao nakaa nao.

Mwaka jana nilijaribu kumwandikia. Nilifungua lile jukwaa nikabonyeza pa kujiunga, nikatia jina langu na barua pepe. Halafu likanitaka nitaje mwaka niliomaliza shule yao, na jina la mwalimu wangu wa darasa la mwisho. Kwenye sanduku la kwanza niliandika mwaka wowote, nikaufuta. Kisha nikafunga ukurasa nikaenda kufungua darasa, wanafunzi wa saa tatu walikuwa wameshafika.