Maziwa ya Kwanza ya Ng'ombe wa Godelive

Mushagalusa, mpimaji wa damu ya ng'ombe katika maabara yetu ya Bukavu, alikuwa na ila moja: akishaandika namba, hamsikilizi mtu. Nilifanya naye kazi miaka sita, na namtetea pia, maana mikono yake ilikuwa myepesi hata ng'ombe mkali alitulia akichomwa sindano.

Mwaka 1974 tulikuwa tukipima ng'ombe wenye mimba. Kule Panzi, mjane Godelive alichunga ng'ombe wa tajiri mmoja. Ndama wa kwanza alikwenda kwa tajiri. Wa pili, kwa mapatano yao, angekuwa wake. Hakuwa na mnyama mwingine.

Siku chache kabla ng'ombe hajazaa huyo wa pili, Mushagalusa aliona protini za damu zimeshuka vibaya. Akahukumu palepale: ugonjwa, nao utapita kwenye maziwa. Ndama alipozaliwa akaamuru apewe maziwa ya ng'ombe wa jirani.

“Papa, mutoto iko nalia. Hata kidogo?” Godelive aliuliza.

“Hapana, maman. Siku mbili, kamua ile maziwa yake, mwaga yote.”

Siku ya tano ndama akafa kwa kuhara.

Kisha tukapima ng'ombe wengine wanne waliokaribia kuzaa, wazima kabisa. Wote protini zao zilikuwa zimeshuka vilevile. Daktari wetu akatueleza kwamba karibu na kuzaa, protini zinazokinga maradhi hutoka kwenye damu na kwenda kwenye kiwele, zimsubiri ndama katika maziwa ya kwanza. Mushagalusa alifungua daftari lake, akaisoma tena namba ya ng'ombe wa Godelive.

Nilimwambia asimweleze mjane lolote, maji yakimwagika hayazoleki. Naona aibu mpaka leo. Akapanda kwenda Panzi, nami nikamfuata.

Godelive alimtangulia kusema, macho chini.

“Ni miye niliiua, papa. Ulinikataza, lakini niliionea huruma, nikaiacha inyonye kidogo. Nilishaungama hata kwa padiri.”

Mushagalusa angeweza kuliacha hapo. Nani angejua? Akavua kofia.

“Hapana, maman. Ni miye nilikosa. Ng'ombe haikuwa na ugonjwa. Ile maziwa ndiyo ilikuwa dawa ya mutoto.”

Godelive alitazama kona ya ua alikomwaga maziwa.

“Yote, papa?”

“Yote, maman.”

“Na miye niliipiga fimbo, nikaitoa kwa chuchu,” alisema, “ikiwa ingali inanyonya.”